Wahandisi wa migodini wafundishwe kuusoma mwamba na maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila ninapozungumza na vijana waliohitimu uhandisi hapa Dar es Salaam, wanaotafuta ajira katika migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara. Wengi wanaamini kwamba wakishazimudu programu za kompyuta za kusanifu mgodi wameiva. Programu hizo ni za lazima, sibishi, lakini kompyuta huchora kwa takwimu ilizopewa, na anayeipa ndiye anayepaswa kuujua mwamba.

Chini ya ardhi, mchimbaji mzoefu hugonga dari kwa mtaimbo kabla ya kazi kuanza: mwamba mzima hutoa mlio mkali, uliolegea huitika kwa sauti ya debe tupu, nao huangushwa kabla haujamwangukia mtu. Mhandisi anayepanga nguzo na vyuma vya kushikilia dari bila kuwahi kuisikia tofauti hiyo, wala kumuuliza aliyeisikia, anahatarisha maisha ya wenzake.

Maji nayo yanataka umakini zaidi. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope, yaani mabaki ya uchenjuaji yaliyochanganyika na maji, la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulibomoka, tope likavamia mashamba na makazi. Huko Brumadinho, Brazil, Januari 2019, ajali ya aina hiyo iliua watu 270. Maji yakizidi ndani ya ukuta, shinikizo lake hulegeza mshikamano wa chembe za udongo, hata ukuta unaoonekana mkavu kwa nje ukaporomoka ghafla. Vipo vipimo vinavyofukiwa ukutani kufuatilia shinikizo hilo, lakini havimwokoi mtu ikiwa anayevisoma hajui namba ipi ni ya hatari, au anaijua na hawezi kumwandikia meneja, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba uzalishaji usimame. Ujuzi huo wa mwisho ndio adimu kuliko wote.

Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinawapa vijana wetu kipaumbele cha ajira. Basi vyuo na Bodi ya Usajili wa Wahandisi viwaandae: katika mafunzo kwa vitendo, mhitimu afanye zamu pamoja na wachimbaji, kisha aandike taarifa ya hatari aliyoiona na kuitetea mbele ya wahandisi waandamizi.

Msomaji wako,
Mhandisi mstaafu,
Ubungo, Dar es Salaam