Kabla Hujatuletea Sarafu "Iliyokosewa"

Jumamosi moja mama wa makamo aliingia dukani kwetu, tunakotazama na kuuza sarafu za zamani, akaketi, akafungua pindo la kanga na kuniwekea mezani senti 10 ya zamani, ile yenye tundu katikati. Iling'aa kama kijiko kipya. Alikuwa ameisugua kwa limau na majivu ili ipendeze. "Mwanangu," akaniambia, "hii imekosewa kiwandani. Ina jina la mfalme ambaye hakuvikwa taji. Nimeambiwa ni milioni tano." Aliyemwambia alikuwa amekwisha kumtoza shilingi 30,000 "za kuisajili kwa mnunuzi wa nje", kisha akazima simu.

Nilimpa maji ya kunywa kwanza. Halafu tukaitazama pamoja chini ya lenzi.

Jina lililoandikwa lilikuwa EDWARDVS VIII, mwaka 1936. Ni kweli Edward wa Nane alishika ufalme Januari 1936 akauacha Desemba mwaka huohuo bila kuvikwa taji, na huko Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa rasmi kwa matumizi. Ila senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme, kwa kuwa pale ambapo sura ingekaa pana tundu. Jina na taji vilitosha, basi zikapigwa kwa wingi na zikatumika sokoni hadi zikachakaa. Hakuna kosa lolote pale. Ikiwa haijaguswa, thamani yake ni kama sahani ya pilau. Kwa ile limau, hata pilau ikawa shida.

Naandika haya kwa sababu kila wiki tunapokea watu wa namna hiyo, na inatuuma kuona mtu amepoteza nauli na fedha ya ada kwa jambo ambalo tungemweleza bure kwa dakika kumi.

Sarafu iliyokosewa ni ile iliyopata kasoro kabla haijatoka kwenye mashine. Basi. Kilichoipata baada ya hapo, iwe nyundo, moto, gurudumu la treni au msumeno wa fundi, ni uharibifu, na uharibifu hauna soko. Ugumu wa kazi yetu ni kutenganisha hayo mawili.

Chukua sarafu iliyoonekana kung'atwa ukingoni. Kiwandani, visahani vitupu hukatwa kutoka kwenye bamba la metali. Bamba lisiposogea vya kutosha, kikatio huangukia tena sehemu ya tundu lililokwisha kukatwa, na kisahani hutoka na pengo lenye umbo la mwezi mchanga. Sasa geuza sarafu utazame upande ulio mkabala na pengo. Kama ni kosa la kiwandani, mara nyingi ukingo wa upande ule huwa umefifia, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo haikupata cha kuegemea. Na herufi zilizo jirani na pengo huonekana kuvutwa kuelekea humo. Aliyekata kwa tupa nyumbani hawezi kuyafanya hayo. Kwake herufi imekatika tu, na mikwaruzo ya tupa unaiona kwa lenzi.

Au chukua zetu za tundu. Mara chache sana kisahani hupita bila kutobolewa, na sarafu hutoka nzima. Hiyo inatafutwa. Kwa hiyo wajanja huziba tundu la kawaida kwa madini ya risasi au shaba na kusugua juu. Ukiipima kwenye mizani ya sonara, isiyotobolewa kweli lazima izidi uzito wa mwenzake mwenye tundu. Kisha elekeza taa kwa pembeni: kiraka huacha mstari mwembamba wa duara, hata kikisuguliwa vipi.

Yapo pia mambo ambayo watu huyaita makosa kumbe ndiyo desturi. Herufi H, KN, SA au I kwenye sarafu za Afrika Mashariki ni alama za viwanda: Heaton na King's Norton za Birmingham, Pretoria, na Bombay. Ukigeuza robo dola ya Marekani kama unavyofungua kitabu na upande wa pili ukatokea kichwa chini, hiyo ndiyo kawaida yao tangu zamani. Tafadhali usiuze shamba.

Kuhusu bei, ndiyo, zimepanda, na kwa sarafu chache zimepanda mno. Mwaka 1943 Marekani ilipiga senti zake kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani. Visahani vichache vya shaba vilibaki kwenye mitambo vikapigwa chapa ya mwaka huo. Mwaka 2010 kimoja kutoka kiwanda cha Denver kiliuzwa dola milioni 1.7. Wenye hila wakazipaka shaba senti za kawaida, lakini sumaku haidanganyiki: ya chuma hunaswa, ya shaba haijali. Uzito nao hutofautiana, gramu 2.70 kwa ya chuma na 3.11 kwa ya shaba.

Kilichosukuma soko zaidi ni uaminifu. Kampuni za kuthibitisha sarafu kama PCGS na NGC za Marekani huitazama sarafu, huifunga kwenye kasha la plastiki na kuandika aina ya kosa kwenye lebo. Mnunuzi aliye mbali ananunua bila kuishika mkononi. Lakini wenye ndugu Uingereza watakumbuka ile peni 20 isiyo na mwaka ya 2008. Mwaka ulihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kiwanda kikaoanisha upande mpya na upande wa zamani, mwaka ukakosekana kotekote. Inakadiriwa zilitoka kati ya 50,000 na 200,000. Watu walizitangaza mtandaoni kwa maelfu. Zinazouzwa kweli huchukuliwa kwa makumi ya pauni. Ukitaka bei, tazama iliyolipwa, usitazame iliyoombwa.

Ninayoipenda kuliko zote imezaliwa hapahapa nyumbani. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini, hawapati sarafu kutoka kwao, wakazipiga wenyewe katika karakana ya reli Tabora. Zilitoka za dhahabu za rupia 15, zenye tembo na mlima, na hela 20 za shaba na za shaba ya njano. (Ndiyo, neno letu "hela" limetokana na sarafu hizo za Kijerumani.) Mihuri ya hela 20 ilichongwa kwa mkono, kwa hiyo taji ni kubwa kwenye muhuri mmoja na dogo kwenye mwingine, na ncha za herufi L mara zimejikunja, mara zimechongoka. Mingine ilipasuka ikaendelea kutumika, na ufa ukajichora kwenye kila sarafu. Hadi majeshi ya Kongo ya Mbelgiji yalipoingia Tabora Septemba 1916, mji ulikuwa umetuachia kazi ya kutazama maisha yote. Ile ya dhahabu leo inauzwa maelfu ya dola, na ina gramu 7.17, ikipungua wazi, simama hapo.

Na kama mtu anakutafutia "rupia ya Mjerumani inayovuta mchele", eti ina nguvu ya ajabu ya kuvuta punje za mchele, mkimbie. Rupia ya fedha ni nzuri, ina gramu 11.66 na wakusanyaji wanaitaka, lakini haivuti mchele wala sindano.

Dukani tunatazama sarafu bure, mwenyewe ukiwa umekaa unaona mizani na lenzi. Tukiona ni kosa la kweli, tunakupa maandishi yenye uzito, kipenyo na picha za pande zote mbili na ukingo. Ukitaka tukuuzie, tunachukua asilimia 10 baada ya mnunuzi kulipa. Hatuchukui shilingi kabla. Ilete kama ulivyoikuta, na uchafu wake na kutu yake, kwenye karatasi safi. Usiisugue, usiioshe, usiipake mafuta.

Yule mama alirudi wiki mbili baadaye na kopo la maziwa ya unga lililokuwa la marehemu baba yake, mfanyakazi wa reli. Hakuwa amegusa kitu. Chini kabisa, kati ya vifungo na senti za tundu, palikuwa na hela 20 moja nyeusi ya Tabora, chapa imehama pembeni karibu robo ya sarafu. Alipoambiwa bei inayokaribia, aliifunga tena kwenye kanga akasema atazungumza kwanza na kaka zake.