Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Wapenzi wa Sintesaiza, Kisumu na Magharibi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika leo na ambao hamkufika. Nawashukuru hasa waliopanda matatu alfajiri kutoka Busia na Kakamega, kwa kuwa wapo wenzetu wanaoishi Milimani, dakika kumi kutoka ukumbi huu, na viti vyao viko vitupu.

Shughuli za mwaka mnazijua na sitazirefusha. Tulikutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa Kondele, isipokuwa Agosti. Tulifundisha vijana mara 6. Tulipiga muziki Dunga, kando ya ziwa, jioni moja ya Julai mpaka wadudu wa ziwa walipofuata taa na kuingia katikati ya funguo za vinanda, tukafunga mapema. Wageni kutoka Nakuru walitutembelea. Tulipata wanachama wapya 5, wakaondoka 3, na sasa tuko 43. Chama kilifika matangani mara mbili. Mengine yamo katika kumbukumbu za katibu.

Nakuja kwenye Juno, sintesaiza ya chama, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme.

Mwezi wa Juni kamati ilitoa shilingi 29,400 kutoka mfuko wa kinanda kipya, ikatengeneza Roland Juno-106 ya chama. Mfuko ulikuwa na shilingi 41,000, zilizochangwa tangu 2023 kwa nia ya kununua Korg minilogue. Zimebaki 11,600. Tangu hapo nimesikia kwamba mwenyekiti amekula pesa za kinanda kipya, na kwamba mtu mmoja aliamua peke yake kwa sababu anapenda vitu vya kale. Maneno hayo yamenifikia nyumbani, kwa watoto wangu. Kwa hiyo leo nitaeleza kila kitu, na anayetaka kuona risiti aende kwa mweka hazina, zote anazo.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Juno-106 ilianza kuuzwa mwaka 1984. Ina sauti 6, yaani unaweza kushika noti sita kwa pamoja na zote zikasikika. Kila sauti hupita katika chipu yake iitwayo 80017A, ambayo ndani yake kuna filta, yaani sehemu ya kuchuja sauti, pamoja na sehemu ya kupandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Chipu hizo zilifunikwa kiwandani kwa utomvu mweusi mgumu. Miaka inapopita, utomvu huo huharibika na kuanza kupitisha umeme kidogo mahali ambapo haukutakiwa upite. Hapo sauti huanza kukwaruza, au hung'ang'ania hata baada ya kidole kuinuka, au hunyamaza kabisa. Aliyepiga mara ya mwisho hana kosa, wala vumbi la Kondele halihusiki. Juno-106 nyingine zilizoko Uingereza na Marekani zinaugua vilevile, na anayemiliki Juno-106 ambayo haijawahi kufunguliwa ajue zamu yake inakuja.

Februari niliiwasha nikiwa nimeshikilia kitufe cha kuhamisha ufunguo wa muziki (Key Transpose). Ndivyo inavyoingia katika hali ya majaribio: ukibonyeza noti mojamoja, kioo kinakuonyesha ni sauti ya ngapi inayolia. Ya 2 na ya 5 zilikuwa kimya. Ya 3 ilikwaruza kama redio iliyotoka kwenye stesheni. Maana yake, kijana akishika noti nne kwa pamoja, moja ilikosekana, na kila akirudia ilikosekana nyingine, kwa kuwa kinanda huzungusha sauti zake kwa zamu. Vijana wetu wawili walidhani wao ndio hawajui kupiga. Mmoja aliacha kuja. Hilo liliniuma kuliko kitu kingine chochote mwaka huu.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuuza. Mnunuzi kutoka Nairobi alitoa shilingi 45,000 ikiwa vilevile mbovu, na wanachama wanne walinipigia simu wakinisihi nikubali. Nilikataa na nitakataa tena. Kinanda hiki tuliachiwa na familia ya mwanzilishi wetu marehemu ili kipigwe na watoto wa hapa. Isitoshe, anayetoa bei hiyo kwa kinanda kilichokufa nusu anajua kikipona kitauzwa kwa kiasi gani.

Ya pili ni kuongeza pesa kidogo tununue minilogue, na Juno tuifunike kitambaa. Siidharau minilogue. Ilitoka 2016, ni analogi ya kweli, ina vitufe vyake vya kuzungusha na kioo kinachoonyesha umbo la wimbi, na kijana anaweza kujifunza mengi kwayo. Lakini ina sauti 4 na funguo 37 nyembamba. Wapigaji wetu wengi wamekulia kwenye vinanda vya kanisa vya funguo 61, mkono wa kushoto ukishika besi na wa kulia ukijaza. Wangeifurahia mwezi mmoja, kisha wangerudi kuuliza Juno iko wapi.

Ya tatu, kuitengeneza Juno, ndiyo tuliyoifuata.

Sasa kuhusu sheria, kwa sababu hapa ndipo ninapolaumiwa zaidi. Katiba yetu inataka matumizi yanayozidi shilingi 10,000 yapitishwe na mkutano wenye theluthi moja ya wanachama. Theluthi ya 43 ni 15. Niliitisha mkutano Machi kwa ajili ya jambo hili tu, wakaja 9. Niliitisha tena Aprili, wakaja 11. Mei nilituma ujumbe kwa kila mtu, nikampigia simu kila asiyejibu, kwa salio langu mwenyewe, na wakaja 7. Saba! Juni kamati ilikaa. Wanne kati ya watano tuliunga mkono. Mweka hazina alipinga, na kumbukumbu zinaonyesha hivyo wazi, wala sina kinyongo naye. Alisema tungoje Julai. Nilimjibu kwamba utomvu haungoji akidi. Wazee husema asiyekuwepo na lake halipo. Wanaonishitaki leo kwamba hawakuulizwa, nina majina ya waliopokea ujumbe wangu mara tatu, na sitayasoma hapa kwa heshima.

Nakubali jambo moja. Ningeweza kupitisha daftari nyumba kwa nyumba nikapata saini 15, na nisingekosea kikatiba. Sikulifikiria wakati huo. Mkutano huu ukitaka kuyathibitisha matumizi au kuyakataa, una haki hiyo, na sitapiga kura.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kabla ya kugusa chochote nilihifadhi aina 128 za sauti zilizomo katika kumbukumbu yake (si zile sauti 6 za kulia kwa pamoja), kwa sababu betri ya ndani inayozishika ilikuwa ya siku nyingi. Juno-106 ina tundu la kaseti: inazitoa sauti zake kama milio inayofanana na ya faksi, na milio hiyo niliirekodi kwenye simu. Baadhi ya sauti zile marehemu alizitengeneza mwenyewe, na zingepotea. Fundi wa redio wa Kibuye ndiye aliyezing'oa chipu zote sita bila kuunguza hata njia moja ya bodi. Mimi nikaziloweka katika asetoni ndani ya chupa ya kioo, madirisha wazi, siku tatu, kisha nikaumenya utomvu uliolainika taratibu kwa kijiti. Usiku tatu nililala saa tisa. Chipu nne zilifufuka. Moja mguu wake ulikatika mikononi mwangu, na nyingine haikurudi. Mbili mpya tuliagiza kutoka ng'ambo, kwa wanaotengeneza mbadala wake siku hizi. Pamoja na usafiri na ushuru zilifika shilingi 16,200. Fundi alilipwa 4,000. Transfoma ilikuwa 7,000. Betri, kikalio chake, soketi za chipu na asetoni vilikuwa 2,200. Jumla ndiyo hiyo 29,400. Nauli zangu za Nairobi mara mbili kufuata mzigo sikudai na sitadai.

Aliyeiita transfoma anasa nimjibu hapahapa. Juno yetu ilitengenezwa kwa soko la Japani, na nyuma yake imeandikwa volti 100. Stima ya kwetu ni volti 240, na transfoma ndiyo inayoishusha. Transfoma ya zamani ilikuwa imeanza kunuka kila baada ya saa moja. Mnakumbuka kinanda cha mwanachama wetu kilichochomekwa moja kwa moja ukutani mwaka juzi, kikatoa moshi kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Kinanda kinachotoka Japani au Marekani kikifika mikononi mwenu, kwanza kigeuzeni msome nyuma. Naomba sana.

Matokeo mmeyasikia leo asubuhi. Sauti zote 6 zinalia. Ukibonyeza koras, vile vitufe viwili tu, I na II, ukumbi unajaa kama kwamba kuna wapigaji wengine nyuma ya pazia. Tena kila kazi ina slaida yake usoni mwa kinanda: osileta inayozalisha wimbi la sauti, filta, kuanza na kuisha kwa sauti. Kijana akiisukuma slaida ya filta juu anasikia palepale sauti inavyofunguka, na hahitaji mwalimu kumwambia filta ni nini. Linganisheni na Yamaha DX7 ya mlezi wetu, sintesaiza ya mwaka 1983, ambayo naiheshimu kwa kengele zake na piano yake ya umeme. Ndani yake kila sauti ina opereta 6, yaani vyanzo vya mawimbi vinavyotikisana, na njia 32 za kuziunganisha, kazi iliyotokana na ugunduzi wa John Chowning kule Stanford, lakini yote yamefichwa nyuma ya vitufe bapa na kioo cha mistari miwili. Mimi ilinichukua miaka miwili kuielewa, na bado nakosea.

Mwezi Septemba kijana mmoja wa Manyatta alichagua wimbi la msumeno, akaifunga filta nusu, akawasha portamento ili noti ziteleze badala ya kuruka, akapiga noti mojamoja. Ikatoka orutu, fidla ya Waluo ya uzi mmoja. Si kamili, orutu ina mkwaruzo wa uta ambao hakuna osileta inayoupata, lakini mzee mmoja aliyekuwa akipita nje aliingia kuuliza nani anapiga. Ohangla ya siku hizi, muziki wa Waluo, haipigwi bila kinanda, na wapigaji wetu wengi wanatumia sauti walizozikuta zimetengenezwa tayari kiwandani. Huyu alitengeneza yake. Kwangu hiyo 29,400 imerudi.

Juno haina kila kitu. Haijui kama umebonyeza kwa nguvu au polepole, na haina apejio, yaani kitu cha kupiga noti ulizoshika mojamoja chenyewe, kama ile Juno-60 iliyoitangulia. Hizo ni hoja za kweli za wanaotaka kinanda kipya, na nazikubali. Tukikipata, havitagombana: waya wa MIDI wa pini 5 unaviunganisha, kwa sababu lugha hiyo waliyoisimamia Dave Smith na Ikutaro Kakehashi tangu 1983 ndiyo inayozungumzwa mpaka leo.

Lakini kipya kitapatikana kwa pesa gani?

Ada ni shilingi 200 kwa mwezi, 2,400 kwa mwaka. Watu 43 walipaswa kutoa 103,200. Zimeingia 46,800. Waliolipa kamili ni 14. Waliolipa kiasi ni 15, kwa jumla 13,200. Wasiotoa hata shilingi ni 14. Deni ni 56,400. Ukumbi umekula 24,000, mafunzo ya vijana 9,500, safari ya Dunga na spika za kukodi 6,800, matanga 4,000. Zimebaki 2,500 katika akaunti ya kawaida. Nawaomba mtazame deni hilo kando ya zile 29,400 mnazonidai maelezo. Kila mtu angelipa ada yake, Juno ingepona na mfuko wa kinanda kipya usingeguswa, na hatungekuwa na ugomvi.

Najua mwaka umekuwa mgumu, wengine wamepoteza kazi, na kwa hao mlango wangu uko wazi. Aje aseme, tutaelewana. Ninaowasemea ni wale wanaojadili kwa simu usiku kucha kama Minimoog ya 1970 ilikuwa na sauti nene kuliko Prophet-5, nao ni wajuzi kweli, wakiitwa mkutanoni hawaonekani. Ujuzi huo tunauhitaji hapa, mbele ya vijana. Darasa la Oktoba lilikuwa na vijana 12 na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alikuwa mimi, kwa mara ya nne mfululizo.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kuendelea na mafunzo, na Mungu akijalia tuyafikishe Siaya na Kakamega. Tunatumaini kupata ukumbi wenye kabati la kufungwa, ili vinanda visibebwe kwa bodaboda. Mfuko wa kinanda kipya utafufuliwa, kwa mchango au kwa harambee, kamati itaangalia. Tuna wazo pia la kurekodi nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na orutu pamoja na Juno, ingawa hatujaamua lini wala wapi.

Betri mpya ya Juno iliwekwa Juni 2025 na tarehe nimeiandika kwa kalamu chini ya kifuniko, kwa atakayekuja baada yangu. Funguo za sanduku anazo katibu. Transfoma ichomekwe ukutani kwanza, isikilizwe, ndipo kinanda kiwashwe.

Nawasilisha taarifa hii kwa mkutano, pamoja na ombi kwamba matumizi ya Juni yapigiwe kura leo, kwa kuwa nimehesabu vichwa ukumbini na tuko 17.

Mwenyekiti
Kisumu, Desemba 2025