Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wacheza gemu za kompyuta kwenye Linux, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, salaam. Taarifa hii ilikuwa niisome mbele yenu kwenye mkutano mkuu wa Januari ila mliofika mnajijua, tulikuwa tisa, na mmoja alikuja kuchukua chaja yake akaondoka kabla ya ajenda ya kwanza. Kwa hiyo nimeamua kuiandika niwatumie wote, asije mtu mwezi wa sita akasema hakuambiwa.

Kazi za kawaida nazipitia haraka maana mnazijua. Tovuti imekaa hewani mwaka mzima isipokuwa siku mbili za Mei ambapo domeni iliisha muda, nikailipia mimi saa tano usiku. Maelezo ya kufunga (yaani kuweka kwenye mashine) Proton, ile programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, tumeyaandika upya. Jumamosi za SuperTuxKart, ile gemu ya mbio za magari, zimeendelea vizuri kwa sababu gemu ni ya bure na tukiunganisha kwa waya haili bando la mtu, zile za 0 A.D., gemu ya vita vya kale, zimekufa kwa sababu mechi moja inaweza kula saa mbili na watu wana daladala ya kuwahi. Oktoba, Windows 10 ilipoishiwa masasisho tarehe 14, tulifanya siku ya kuwafungia watu Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, zikafungwa mashine 16, nyingi zile laptopu za mtumba za Intel kizazi cha 4 mpaka cha 6 ambazo Windows 11 inazikataa, yenyewe inataka kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Nawashukuru waliojitolea. Flashi tano za kufungia zilikuwa zangu, zimerudi tatu.

Sasa tuje kwenye lile jambo, najua ndilo mlilofungulia taarifa hii.

Jumamosi ya tarehe 6 Septemba usiku nilifuta majibu 141 kati ya 212 kwenye dodoso letu la wacheza gemu, yakabaki 71. Kwenye grupu la wasap nimeitwa kila jina, kuna aliyesema mwenyekiti kafuta chama, kuna aliyeuliza nimelipwa na nani. Nimenyamaza miezi yote hii kwa heshima ya nafasi yenu mliyonipa. Leo naeleza, na nitaeleza kwa kirefu kwa hiyo mwenye haraka aruke akasome habari ya ada, ambayo nayo haimhusu kwa uzuri.

Dodoso tulilianzisha 2021 (wazo langu, iko kwenye muhtasari). Unajaza distro gani (yaani toleo gani la Linux), grafiksi gani, RAM kiasi gani, unacheza nini, na kama Windows bado ipo kwenye mashine. Shida ni kwamba ukishajaza jibu linakaa milele. Agosti nilikaa nikayafungua moja moja, yote 212, hakuna aliyenituma. Nikakuta ndugu yetu mmoja ana grafiksi kadi ya NVIDIA GTX 750 Ti na distro ya Ubuntu 20.04, anacheza Dota 2. Mimi hiyo mashine naijua, nilikuwepo siku umeme uliporudi kwa nguvu pawasaplai ikatoa moshi, 2022 hiyo, na kasha lake leo liko uani kwao kuku anaatamia mayai humo ndani. Lakini kwenye dodoso letu mashine ipo hai, inaheshimika, inahesabiwa kila mwezi kwenye zile chati tunazojivunia. Kuna mwingine aliiuza yake Kariakoo, kuna aliyehamia Muscat akanunua Steam Deck, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi yenye Linux, na hajarudi kubadilisha chochote. Kuna mmoja kajaza mara tatu, ya nyumbani, ya ofisini na ya binamu yake.

Niulize swali. Sensa ya 2022 mliulizwa nini? Mliulizwa nani kalala humu usiku wa kuamkia Agosti 23. Hakuna karani aliyekuja na kishikwambi akauliza nani aliwahi kulala hapa mwaka 2012. Kama serikali inahesabu waliopo, sisi tunahesabu kuku?

Kwa hiyo niliweka kigezo, na kigezo ni kimoja kwa wote hata mimi: jibu ambalo halijaguswa zaidi ya mwaka linatoka, na anayerudia linabaki moja. Ya zamani yalikuwa 118, ya kurudia 23. Ndiyo hiyo 141, sikumchagua mtu.

Na matokeo yake ndiyo yanayonipa usingizi mzuri. Chati za zamani zilikuwa zinasema NVIDIA ndiyo inaongoza, na sisi kwa kuziamini tukakaa miaka miwili tunaandika maelezo ya draiva za NVIDIA, toleo hili, toleo lile, ukitoka skrini nyeusi fanya hivi. Baada ya kusafisha, watu 38 kati ya 71 wanatumia grafiksi ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Zaidi ya nusu! Hawa ndio waliokuwa wanatuandikia kwamba gemu inafungua dirisha jeusi sekunde tatu inajifunga, sisi tunawajibu weka Proton mpya zaidi, wanaweka, inajifunga vilevile. Mtu ana laptopu ya kizazi cha 4, ile Haswell, akiandika amri ya vulkaninfo anaambiwa mstari wa juu kabisa kwamba Vulkan yake, yaani njia ambayo gemu inaongea na grafiksi, haijakamilika, na DXVK, kipande cha Proton kinachotafsiri picha za gemu za Windows ziende Vulkan, tangu toleo la 2.0 la Novemba 2022 inataka Vulkan 1.3, mashine haifiki huko hata uisukume. Dawa yake ni kwenda kwenye sifa za gemu ndani ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ukaandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% ili ipitie OpenGL, njia ya zamani zaidi ya Vulkan. Inakwenda polepole, lakini gemu nyingi za zamani zinafunguka. Mstari mmoja! Tumewakosesha watu mstari mmoja kwa miaka kwa sababu ya grafiksi kadi iliyoko bandani. Ukurasa wa hiyo habari nimeuandika mimi Septemba na ndio unaofunguliwa kuliko zote, mnaweza kuangalia.

Kitu kingine kilichoonekana ni kwa nini watu hawaiachi Windows. Sababu karibu zote ni mpira. EA FC haifunguki kwenye Linux kwa ajili ya programu yake ya kuzuia wanaochiti, na hilo hata mkinichagua miaka kumi mbele sitalitatua.

Katibu, ambaye namheshimu na ndiye aliyenionyesha Linux mara ya kwanza, hoja yake ni kwamba namba kubwa ndiyo nguvu yetu, tukionekana 212 tutasikika na tukionekana 71 tutachekwa. Namwelewa. Lakini tuangalie wakubwa. Steam yenyewe inapima kila mwezi, inachagua watu bila mpangilio na wanaotaka wanakubali, haibebi majibu ya mwaka juzi. Na bado inayumba: Februari 2025 Linux ilishuka mpaka 1.45%, watu wakaanza kutangaza msiba, kumbe mwezi huo nusu nzima ya waliopimwa walikuwa wanatumia Kichina kilichorahisishwa, yaani waliulizwa Wachina wengi kuliko kawaida, na Machi Linux ikarudi juu ya 2% kama vile hakikutokea kitu. Oktoba ikavuka 3% kwa mara ya kwanza, na kati ya hao robo na kitu ni SteamOS, yaani wenye Steam Deck na ndugu zake. Sasa kama wenye watumiaji mamilioni namba yao inaweza kudanganya mwezi mmoja kwa sababu ya nani kaulizwa, sisi wenye 212 ambao theluthi mbili ni marehemu tunajivunia nini? Linux ilikuwa na Steam tangu Februari 2013 na kwa miaka mingi ilikuwa inazungukia asilimia moja au chini yake, kilichoiinua ni Proton ya Agosti 2018 halafu Steam Deck ya 2022. Gemu zilifunguka. Hakuna aliyeinua kwa kupamba dodoso.

Mnasema sikuitisha mkutano. Niliitisha. Julai walikuja wanne, Agosti watano, katiba yetu inataka 15. Septemba asubuhi ya siku hiyohiyo nilikaa na mhazini tangu saa nne mpaka saa saba, viti ishirini vya kukodi, maji katoni mbili. Ningemuuliza nani, viti? Watu wanaweka dole gumba kwenye grupu kwamba watakuja, wengine wanaweka na ule moto, siku ikifika simu hazipatikani. Halafu haohao saa nne usiku nimefuta, saa nne na robo wameshaona. Hapo nimejifunza kwamba mnaiangalia tovuti, nashukuru.

Kuna jambo la bakapu nalo limekuzwa sana. Ni kweli nilisema majibu ya zamani yapo kwenye bakapu na ni kweli hayapo. Majibu tulikuwa tunayaweka faili moja kwa kila mtu, na kila saa nane usiku seva inayanakili kwenye diski ya pili kwa amri ya kunakili iitwayo rsync. Hiyo amri ilikuwa na --delete, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba kisichokuwepo huku, kule nako kisiwepo. Nilifuta saa nne, saa nane ikapita, asubuhi diski zote mbili zinafanana kama mapacha. Amri ile niliiandika mimi 2023, sikatai, lakini iliwekwa kwenye ukurasa wa wanachama ili ipitiwe na hakuna aliyeipitia. Chati za 2021 mpaka 2024 zipo, ni picha tu, namba zenyewe ndizo hazipo. Nimeshaiondoa hiyo --delete na nimenunua diski ya tatu ambayo haiunganishwi na kitu. Naomba suala hili tulifunge.

Ada. Ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi, soda na andazi. Tuko 47. Waliomaliza ni 19, hiyo 456,000. Waliolipa nusu ni 8, hiyo 96,000. Jumla 552,000. Watu 20 hawajatoa hata mia, na humo wamo watatu wanaopiga kelele kuliko wote habari ya dodoso, majina sitaji, mhazini anayo. Matumizi: seva na domeni 410,000, diski 120,000, viti na maji ya mikutano ambayo hamkuja 65,000, jumla 595,000. Pengo la 43,000 limetoka mfukoni kwangu. Sidai, ila iandikwe. Mwanachama wetu wa Mombasa alituma ya mwaka mzima tarehe 3 Januari na hajawahi hata kushika meza tunayokalia.

Mwaka huu Mungu akipenda tunafikiria kuwa na mashindano, labda ya mikoa, tukipata mfadhili. Kuna mazungumzo na chuo kimoja kuhusu ukumbi, yanaendelea. Dodoso tunataka likumbushe watu lenyewe kila miezi kadhaa, kijana mmoja kasema ataliandika akimaliza mitihani. Pia kutafsiri baadhi ya gemu za bure kwa Kiswahili, hili tulilisema mwaka jana na naona bado ni zuri.

Mkutano ujao nitatangaza tarehe. Na kama kuna mtu yeyote aliwahi kushusha yale mafaili ya majibu kabla ya Septemba, hata ya 2022, hata kipande, aje nayo kwenye flashi. Sitamuuliza ada. Na kama flashi yenyewe ni moja ya zile zangu mbili, sitamuuliza pia.

Mwenyekiti