Kwa Nini Matairi ya Nyuma ya Gari Lako la Umeme Ni Mapana Kuliko ya Mbele

Lalamiko moja linajirudia sana katika karakana yetu: mteja anapokea hesabu ya matairi manne, anaona mawili ni ghali kuliko mengine, kisha anaamini kwamba tumempandishia bei. Hivi karibuni mmoja aliondoka na hasira kabla hatujapata nafasi ya kumwonyesha ubavu wa tairi lake mwenyewe, ndiyo maana tumeona vyema kueleza hapa.

Soma matairi ya Volkswagen ID.4 yenye rimu za inchi 19. Mbele utakuta 235/55 R19 na nyuma 255/50 R19. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, na ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ukipiga hesabu, kipenyo cha tairi la mbele ni takriban milimita 741 na cha nyuma 738, hivyo kompyuta inayolinganisha kasi ya magurudumu haioni kasoro yoyote. Porsche Taycan yenye rimu za ukubwa huo inatofautiana zaidi: 225 mbele na 275 nyuma. Saizi hizi zimepangwa na mtengenezaji wa gari, si na muuza matairi.

Sababu kubwa iko kwenye mota. ID.4 ya mota moja husukumwa na magurudumu ya nyuma, na mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuzungusha tangu gari linapoanza kuondoka, wakati uleule ambapo uzito wa gari, pamoja na betri ya mamia ya kilo, unaegemea nyuma. Kazi ya kupunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri nayo hupitia ekseli hiyohiyo. Mbele, tairi jembamba hukata hewa kwa urahisi na huacha nafasi ya gurudumu kukunja kona kwa pembe kubwa. Zaidi ya hayo, tairi pana la nyuma husaidia mkia wa gari usiteleze kabla ya mbele, jambo ambalo madereva wengi hawawezi kulidhibiti.

Njia ya mkato tunayoiona mara nyingi ni kununua matairi manne ya 235 ili yapatikane kwa bei nafuu na yaweze kuhamishwa mbele na nyuma. Mteja mmoja alifanya hivyo kwingine, akatujia akilalamika kwamba taa ya kuzuia utelezi ilikuwa ikimulika kila alipokanyaga mafuta kwenye lami yenye maji, na kashata (meno ya tairi yanayoshika barabara) za nyuma zilikuwa zimelika mapema mno. Tena kuna suala la mzigo: matairi ya aina ya XL, yaani yaliyoimarishwa kubeba mzigo zaidi, kwa kawaida huwa na namba ya mzigo 105 katika saizi ya 235 na 107 katika ya 255, yaani kilo 925 na kilo 975 kwa kila tairi, hivyo 235 nyuma hubeba kidogo zaidi. Mteja huyo alinunua matairi ya nyuma mara mbili.

Ni kweli kwamba mpangilio huu hauruhusu tairi la mbele kwenda nyuma, na kwamba ya nyuma huisha upesi zaidi. Kwa hiyo hatuuzi manne pale ambapo mawili yanatosha. Huwa tunavua gurudumu na kupima kashata upande wa ndani, kwa sababu magurudumu ya nyuma ya magari mengi haya yameinamishwa kidogo na ukingo wa ndani ndio unaotangulia kulika. Tumewahi kuvua tairi lililoonekana zima kwa nje huku nyuzi zikiwa wazi kwa ndani. Kazi hiyo, pamoja na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), ndiyo mnayolipia.

Saizi moja pande zote tunaikubali pale tu mtengenezaji alipoiidhinisha. BMW i3 ni mfano: baadhi zilitoka na 155 mbele na 175 nyuma, lakini 155/70 R19 kwa magurudumu yote manne nayo iliruhusiwa kwa matairi ya majira ya baridi. Kabla ya kuagiza, piga picha kibandiko cha saizi na upepo kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha ututumie.