Barcelona kwa siku tatu: tunachofuta kwenye orodha yako, na kwa nini

Wengi wanaofika kwenye ofisi yetu ya safari hapa Dar es Salaam kuulizia Barcelona huja na orodha tayari kwenye simu. Kanisa la Sagrada Família, bustani ya Park Güell, uwanja wa Barça, mtaa wa La Rambla, ufukweni, mlima wa Montserrat, na chini kabisa: "Madrid, siku moja." Muda wenyewe ni siku tatu, kwa sababu likizo ya kazini ni fupi, au kwa sababu mtu anapitia tu akitoka kwa ndugu zake Ujerumani.

Kazi yetu ya kwanza huwa ni kufuta, na Madrid ndiyo inayotangulia kuondoka. Treni ya mwendo kasi huchukua kati ya saa mbili na nusu na saa tatu, kwenda tu. Weka na muda wa kuwahi stesheni, mizigo kukaguliwa, kisha kurudi: siku imekwisha na Madrid umeiona kwa kupita. Montserrat iko jirani zaidi, kama saa moja kwa treni kutoka Plaça d'Espanya, halafu unamalizia mlima kwa kitreni cha meno au kwa gari la kamba. Ni pazuri, na kwenye monasteri kuna sanamu ya Bikira Maria mweusi ambayo Wakatoliki wengi huiendea kwa ibada. Kama hiyo ndiyo nia ya safari yako, tutaipa siku nzima na kupunguza mengine. Kama uliiona tu kwenye video, iache kwa safari ya pili.

Tiketi mbili za kulipia kabla ya kuondoka

Sagrada Família huuza tiketi zake mtandaoni, na kila tiketi ina saa yake ya kuingia. Ukienda ukitegemea kununua mlangoni, unaweza kuishia kupiga picha nje na kuondoka, hasa majira yao ya joto na Pasaka. Ujenzi ulianza mwaka 1882, msanifu majengo Antoni Gaudí akaupokea mwaka uliofuata, na hakuumaliza: mwaka 1926 aligongwa na tramu na kufariki siku chache baadaye. Amezikwa humo humo, chini ya kanisa. Mnara wa kati ulipangiwa mita 172.5, na mwaka 2025 kanisa hili lilikuwa refu kuliko makanisa yote duniani.

Saa ya kuingia huwa tunaichagua kwa makini kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ya vioo vya rangi. Upande wa mashariki vioo ni vya kijani na buluu. Upande wa magharibi ni vyekundu na vya rangi ya chungwa. Asubuhi jua linapiga kutoka mashariki, nguzo nyeupe zinageuka kijani mpaka juu, kule zinakojigawa kama matawi. Alasiri upande wa pili unawaka kama makaa. Saa sita mchana hukosi uzuri, ila unakosa hilo. Kwa hiyo tunakata ya asubuhi mapema au ya alasiri, na kama nafasi zimebaki za mchana tu, tunakuambia kabla hujalipa.

Park Güell nayo, sehemu yenye vigae vya rangi vilivyovunjwavunjwa na benchi refu linalojipinda, inalipiwa na ina saa maalumu. Iko mlimani. Ukishuka metro kituo cha Vallcarca kuna ngazi za umeme barabarani zinazokupandisha sehemu kubwa ya kilima. Ukiwa unasafiri na mzazi mwenye matatizo ya magoti, chukua teksi mpaka getini na usibane pesa hapo.

Vyote hivi viwili havipangwi siku ya kuwasili. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Hispania ikiwemo, zilianza mfumo mpya mpakani: anayeingia kwa mara ya kwanza hupigwa picha na kusajiliwa. Foleni ya pasipoti haitabiriki, na tiketi ya saa nne asubuhi haikusubiri.

Mpira

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi, kwa hiyo tusome pamoja taratibu. Ratiba ya La Liga inapotoka kabla ya msimu, inaonyesha wikiendi ya mechi. Siku na saa kamili huthibitishwa wiki chache tu kabla, na mechi inaweza kuangukia Ijumaa, Jumamosi, Jumapili au Jumatatu. Ukikata ndege ya kufika Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni, unaweza kukuta Barça wanacheza Jumatatu usiku wewe ukiwa umesharudi Dar. Anayefuata mechi tunamshauri alale kuanzia Ijumaa mpaka Jumanne asubuhi, au asubiri siku itangazwe ndipo alipe nauli, hata ikipanda. Timu ilirejea uwanjani kwake Camp Nou Novemba 2025, baada ya misimu miwili kwenye uwanja wa Olimpiki wa Montjuïc, na ukarabati ulikuwa bado unaendelea. Tiketi ni kwenye mauzo rasmi ya klabu, basi. Hatununui kwa mtu wa mtandaoni, hata mteja akitusihi.

Saa za Wahispania

Kuchoka kwa kubadilisha saa hakupo: Hispania iko nyuma yetu kwa saa mbili tu, na saa moja majira yao ya joto. Kinachowasumbua wageni ni siku yenyewe ilivyopangwa. Chakula cha mchana kinaanza kama saa saba na nusu na kuendelea mpaka saa tisa na nusu, kisha majiko mengi yanazimwa. Cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu. Familia yenye watoto waliozoea kula saa moja jioni inabaki ikizunguka na njaa mitaani, halafu inaangukia mikahawa ya La Rambla yenye picha za chakula mlangoni, ghali na isiyo na ladha.

Fanya wanavyofanya wenyeji. Siku za kazi migahawa mingi ina chakula cha mchana cha bei moja, wanakiita menú del día: sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji, na kitamutamu au kahawa. Kula hapo ushibe, jioni ule kidogo. Mwezi wa Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo baada ya kupumzika mchana bado una jioni ndefu ya kutembea. Desemba ni kinyume, giza linaingia kama saa kumi na moja na nusu. Kwa anayeswali, hiyo Magharibi ya Juni iweke akilini unapopanga ratiba.

Kwa Waislamu: nyama ya nguruwe iko kila mahali, hata kwenye maharage na supu ambazo hungeidhania. Sema "sin cerdo" (bila nguruwe), lakini njia nyepesi zaidi ni mtaa wa El Raval, ambako Wapakistani na Wamoroko wana migahawa mingi ya halali, na misikiti ipo karibu.

Pa kulala na namna ya kutembea

Sisi tunapendelea Eixample. Ni eneo lililopangwa na Ildefons Cerdà mwaka 1859, mitaa imenyooka na kukatana, kona za majengo zimekatwa, na mgeni hapotei. Jioni unatembea Passeig de Gràcia na kuziona nyumba za Gaudí, Casa Batlló na Casa Milà, kwa nje bila kulipa chochote. Kwa siku tatu, nje panatosha. Mji wa kale, Barri Gòtic, ni wa kutembelea. Kulala humo kuna kelele mpaka usiku wa manane, na vichochoro vingine teksi haiingii. Ukipanga nyumba badala ya hoteli, iwe na namba ya leseni ya watalii. Kodi ya utalii kwa kila mtu kwa kila usiku mara nyingi hulipwa pale pale mapokezi, usishtuke.

Kadi ya nauli ya metro na basi iitwayo T-casual ina safari kumi na ni ya mtu mmoja, haigawanywi na mwenzako. Tena haifanyi kazi kwenye vituo vya metro vya uwanja wa ndege. Kadi ya Hola Barcelona inafanya kazi huko. La sivyo kuna basi la Aerobús mpaka Plaça de Catalunya, lenye nafasi ya mabegi, na ndilo tunalowapa wengi.

Vibaka wa Barcelona hawatumii nguvu, wanachomoa. Mmoja anakuuliza njia, mwingine anakufungulia zipu. La Rambla, ndani ya metro, na pale watu wanapoinua vichwa kuitazama Sagrada Família. Simu isikae mezani wala mfuko wa nyuma. Pasipoti ibaki kwenye sefu ya chumbani, tembea na nakala.

Viza, na tunachohitaji kutoka kwako

Watanzania, Wakenya na Waganda wote wanahitaji viza ya Schengen. Ada ya ubalozi ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya 12. Walio chini ya hapo hawalipi. Hairudishwi ukinyimwa, na uamuzi si wetu. Anayekuahidi viza ya uhakika, mkimbie. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Tunakusihi usingoje hizo 15: uchunguzi ukihitajika wanaweza kuchukua hadi siku 45. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Na wewe unayekaa wiki mbili kwa kaka yako Ujerumani kisha siku tatu Barcelona, maombi yako yanakwenda kwa Wajerumani, kwa kuwa huko ndiko utakakokaa zaidi.

Ukija, leta pasipoti yenye kurasa mbili tupu, iliyotolewa ndani ya miaka kumi iliyopita na itakayoishi miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kurudi. Leta taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na orodha yako ya kwenye simu. Weka alama kwenye vitu viwili ambavyo ukivikosa utarudi na masikitiko. Ratiba tutaijenga kuanzia hapo.