Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu: shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Ulipofika ulinawa pale bombani, na bila shaka uliona sabuni inavyogoma kutoa povu na kuacha utando mkononi. Risala yetu inahusu maji hayo.

Kama sehemu nyingi za mkoa huu wa Dodoma, shule yetu inategemea maji ya chini ya ardhi. Hata mji wenyewe umeyategemea kwa miaka mingi maji ya visima vya Makutupora. Mvua ikipenya ardhini hubeba hewa ya ukaa, ikayeyusha chokaa ya udongo na miamba, ndiyo maana kisima chetu hutoa maji yaliyojaa kalsiamu na magnesiamu, yaani maji magumu. Maji hayo si sumu. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Lakini birika la jikoni limeota ukoko mweupe, mabomba yanaziba, maharage yanakula kuni kutwa nzima. Na habari ya sabuni, wazazi wetu, mnaijua mifukoni mwenu.

Muhula huu tulijifunza njia aliyoipatia hataza mkemia wa Scotland, Thomas Clark, mwaka 1841: kuondoa chokaa kwa chokaa. Wengi wetu tulikataa kuamini mpaka tulipoandika mlinganyo ubaoni. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, ikikutana na bikabonati ya kalsiamu, ile chokaa iliyoyeyushwa na mvua yenye hewa ya ukaa, zote mbili hugeuka kabonati ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki, ikatuama chini kama unga. Kwa kila gramu 100 za ugumu wa aina hiyo, ukihesabiwa kama kabonati ya kalsiamu, zinatakiwa gramu 74 za chokaa, na unga unaotuama ni gramu 200. Magnesiamu ni kaidi zaidi. Hiyo hudai chokaa ya ziada mpaka pH, yaani kiwango cha uasidi au ualkali wa maji, ikaribie 11, na maji ya namna hiyo hayafai kunywewa hadi yapulizwe hewa ya ukaa, pH ishuke.

Tulijaribu kwa ndoo mbili nyuma ya maabara. Kesho yake tuliyachota maji ya juu taratibu, tukafulia mashati, na povu likafurika beseni. Mama mpishi alikuja kushuhudia mwenyewe. Hatukuyanywa, kwa sababu hatuna kipimo cha kutuhakikishia kuwa hakuna chokaa iliyozidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, upo ugumu mwingine, unaotokana na salfeti na kloridi, ambao hautoki kwa kuchemsha wala kwa chokaa peke yake. Huo huondolewa kwa kabonati ya sodiamu, iliyo jamaa ya magadi tunayotia kwenye makande. Tunawasihi wazazi wetu: magadi ghafi ya sokoni msiyatie kwenye maji ya kunywa. Mengi yana floridi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia na kupindisha mifupa ya watoto katika baadhi ya vijiji vya Arusha. Mitambo ya maji hutumia kabonati ya sodiamu iliyosafishwa, kwa kipimo.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba matangi mawili ya lita 1,000, moja la kuchanganyia na kutuamishia, jingine la kuhifadhia. Kemikali za kupimia ugumu. Na kipimo cha pH. Tunaomba pia utuombee mtaalamu wa maji aje akague kazi yetu kabla mwanafunzi yeyote hajanywa hata kikombe kimoja. Ikiwa fedha hazitatosha yote, tuanzie na kipimo cha pH, maana bila hicho matangi yatakuwa ya kufulia tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.