Siku mbili za nyumbani ziandikwe kwenye mkataba

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba kufanyia kazi nyumbani ni likizo iliyobadilishwa jina, akawataka waajiri wawarudishe watu ofisini siku zote tano. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa tatu tunakwenda ofisini Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Jumatano na Ijumaa kila mtu anafanyia kazi kwake. Naomba nafasi nimjibu, ingawa si yote aliyosema nayapinga.

Naishi Chanika, ofisi yetu iko Posta. Siku ya ofisini naamka saa kumi alfajiri, natia uji kwenye chupa, na saa kumi na moja niko kituoni. Daladala ya kwanza inanifikisha Gongo la Mboto, ya pili inaingia mjini kwa Barabara ya Nyerere, na tukikaribia Tazara foleni imeshashika. Naingia ofisini saa moja na nusu. Kurudi ni hivyo hivyo, na mvua ikinyesha ni zaidi. Hizo ni saa tano kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Kabla ya ratiba hii nilikuwa naongeza juu yake saa 25 za barabarani, ambazo hakuna anayezilipa, na mwajiri hakupata chochote kwazo, kwa sababu nilikuwa nafika nimeshachoka kabla sijawasha kompyuta. Mwanangu yuko darasa la pili. Zamani nilikuwa namwacha amelala na kumkuta amelala. Sasa Jumatano na Ijumaa namvalisha sare mwenyewe na kumsindikiza hadi getini. Kwa hili tu ningeitetea ratiba hii mbele ya yeyote.

Tena jambo hili si langu peke yangu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wetu tunaelekea upande ule ule asubuhi ile ile. Januari 2025, viongozi wa Afrika walipokuja kwenye mkutano wa nishati, watumishi wa umma wa Dar es Salaam walielekezwa kufanyia kazi nyumbani tarehe 27 na 28, isipokuwa wale ambao kazi zao zinawalazimu kuwepo. Kama iliwezekana kupisha misafara ya wageni, basi tuzungumzie na wenyeji wanaopita barabara hizo mwaka mzima.

Kuhusu uvivu, ushahidi upo. Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifanya jaribio katika kampuni ya usafiri ya Trip.com mjini Shanghai, China, kwa wafanyakazi 1,612, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Watu waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: kundi moja likabaki na siku tano za ofisini, jingine likapewa siku mbili za nyumbani, Jumatano na Ijumaa kama sisi. Tathmini za kazi hazikutofautiana, wala kupandishwa vyeo, lakini walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja katika kundi la siku mbili. Na walionufaika zaidi ni wanawake, wasio mameneja, na wanaokaa mbali na ofisi. Niliposoma hapo nilijiona.

Ila wale wa Shanghai hawafanyii kazi nyumbani kwangu. Mimi nimepanga chumba na sebule, na ofisi yangu ni meza tunayolia chakula. Ofisini, umeme, intaneti, kiyoyozi na hata maji ya kunywa ni vya kampuni. Jumatano yote hayo yanahamia mfukoni mwangu, na nauli niliyookoa inaishia kwenye bando na uniti za Luku. Umeme ukikatika mchana, betri ya kompyuta inadumu kwa muda wa saa mbili, baada ya hapo naomba kiti kwenye duka lenye jenereta. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti zilipokatika chini ya bahari, wiki ile Jumatano ya nyumbani haikuwa na maana yoyote. Nilipanda daladala kwenda mjini nikiwa na faili zangu kwenye flashi.

Lipo pia jambo ambalo wanaoleta mifumo hii kutoka nje hawalijui. Kwetu mtu akikukuta nyumbani siku ya kazi, anajua una nafasi. Jirani anapiga hodi, shangazi anapita kusalimia akitoka hospitali, na mgeni haachwi ukumbini peke yake huku mwenyeji amekodolea macho kioo cha kompyuta. Nimekaa na wageni mchana, nikafunga hesabu za mwezi saa nne usiku. Sijutii kuwakaribisha. Lakini usiku huo huo bosi aliona nipo mtandaoni akaniongezea kazi, na tangu siku ile ujumbe wa saa tatu usiku umekuwa kawaida. Sheria inasema saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa saa, lakini saa ya ziada ya sebuleni haina daftari la mahudhurio. Ufaransa walishalitungia sheria suala la mfanyakazi kutosumbuliwa baada ya saa za kazi, tangu Januari 2017. Jirani zetu Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022. Kwetu sijasikia likijadiliwa.

Mahali ninapokubaliana na msomaji mwenzangu ni kwa vijana wapya. Mimi kazi sikuifundishwa kwa vikao vya Zoom. Nilikaa jirani na dada mmoja mzoefu, na alikuwa akigeuza shingo tu anaona nimeingiza ankara mara mbili. Kijana aliyetujia mwaka jana kwa mafunzo kwa vitendo alikaa siku mbili nzima na kosa moja kwa sababu aliona haya kunipigia simu. Ndiyo maana siku za ofisini lazima ziwe zile zile kwa wote. Zipo ofisi ambazo kila mtu anajichagulia siku, na kijana akifika anakuta viti vitupu.

Na wapo ambao hawana Jumatano ya nyumbani kabisa: mlinzi, mhudumu wa usafi, dereva, na wenzetu wanaofuatilia mizigo bandarini. Wao wanapanda daladala siku zote, na kwetu posho yao ya nauli haijaongezwa hata shilingi tangu ratiba ianze. Mama lishe wa nyuma ya jengo letu ameniambia siku hizo mbili anapika nusu ya sufuria. Yeye hakuulizwa na mtu.

Kwa hiyo sitaki turudi siku tano, wala sitaki tubaki kama tulivyo. Ratiba yetu ililetwa kwa ujumbe wa WhatsApp, na inaweza kuondolewa kwa ujumbe wa WhatsApp asubuhi yoyote. Mkataba wangu unahuishwa Juni. Nimeandika barua kwa mwajiri nikiomba siku za nyumbani zitajwe humo, kampuni ichangie bando na umeme wa siku hizo, saa ya mwisho ya kutumiwa kazi iwekwe, na wasioweza kufanyia kazi nyumbani waongezewe nauli. Meneja wa rasilimali watu amesema barua imepokelewa.

Kama wapo waajiri ambao wameshaiingiza ratiba hii kwenye mikataba ya watu wao, naomba waandike hapa watuambie wameiandikaje.

Mhasibu,
Chanika, Dar es Salaam